Siku ya Kuzaliwa ni ya Nani?

Mtu ametimiza mwaka mwingine wa umri wake. Hakualika mtu. Ameshinda nyumbani, amechukua rababa yake na kurudia wimbo mmoja mpaka vidole vikauma, kisha ameingia jikoni akapika. Usiku amelala mapema. Je, ametenda kosa? Ukiuliza swali hili chini ya mti wanapokaa wanafunzi hapa Juba, utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza: ndiyo, huo ni uchoyo, kwa maana mtu ni watu. Walio wapole zaidi watasema si kosa, kila mtu na apendavyo. Majibu yote mawili yananisumbua. La kwanza linamhukumu mtu bila kutazama alichokifanya siku nzima. La pili si jibu la swali la maadili hata kidogo. Ni njia ya kuaga baraza mapema.

Kabla ya kuuliza siku iadhimishwe vipi, inafaa tuulize siku yenyewe imetoka wapi. Katika nchi yetu watu wengi mno wamezaliwa Januari 1. Hawakuzaliwa siku hiyo, wameandikwa hivyo. Vijana waliokimbia vita kwa miguu na kufika kambi ya Kakuma, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, wengi wao hawakuwa na cheti chochote. Maelfu walipopelekwa Marekani, hasa mwaka 2001, karatasi zao zilihitaji tarehe, na fomu haikubali pengo. Wakakadiriwa mwaka, wakapewa siku ya kwanza ya mwaka huo. Mtindo huo haukuishia kwao. Mimi pia ni wa Januari 1 kwenye kitambulisho. Mama yangu anajua vizuri nilizaliwa lini: mvua zilikuwa bado zinanyesha na mtama ulikuwa haujavunwa. Hiyo si Januari. Januari hapa ni vumbi.

Tarehe hiyo ina kejeli yake kwa mtu wa Sudan Kusini. Januari 1, 1956 ndiyo siku Sudan ilipopata uhuru, uhuru ambao wazee wetu wengi wa kusini hawakuuona kuwa wao. Miezi michache tu kabla, Agosti 1955, askari wa kusini walikuwa wameasi pale Torit. Kwa hiyo maelfu yetu tunatimiza miaka siku ambayo dola tuliyojitenga nayo ilikuwa ikipandisha bendera. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna kifuta machozi kidogo: Shaaban Robert naye alizaliwa Januari 1, mwaka 1909. Ukikosa siku yako mwenyewe, si vibaya kugawana na mtu kama huyo.

Si kwamba wazee wetu hawakuwa na kalenda. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, anawataja Walatuka wa upande huo wa Torit kuwa mfano wa watu wanaohesabu wakati kwa matukio. Oktoba kwao ni mwezi wa Jua, kwa sababu ya joto lake, na Desemba una jina la kumpa mjomba maji, kwa kuwa maji yameadimika na watu wana kiu. Majina ya watu pia yalifanya kazi ya cheti. Miongoni mwa Waacholi, anayeitwa Okot, kama mshairi Okot p'Bitek, amezaliwa mvua ikinyesha, na Okech amezaliwa wakati wa njaa. Mtu wa namna hiyo huitwa siku yake ya kuzaliwa kila anapoitwa kula. Hahitaji keki ya kumkumbusha.

Mimi sikubali kila anachosema Mbiti juu ya Mwafrika na wakati, hasa dai lake kwamba wakati ujao haukuwa na nafasi kubwa katika fikra za jadi. Mkulima anayechagua mbegu za kuhifadhi ana wakati ujao mkononi. Lakini kwa jambo hili namfuata: siku ilikuwa na maana kwa sababu ya kilichotokea ndani yake, si kwa sababu ya namba iliyoandikwa juu yake. Basi tukiitazama siku ya kuzaliwa kwa macho hayo, nini kilitokea? Mwanamke aliumwa, wanawake wengine walimshika, na mtoto akatoka akilia. Katika watu wote waliokuwemo chumbani, aliyefanya kazi ndogo kuliko wote ndiye huyo tunayemwimbia leo. Ikiwa siku hiyo ina mwenyewe, mwenyewe ni mama. Mtoto ana deni tu.

Hapo ndipo shutuma ya uchoyo inapoanza kulegea. Anayesema "leo ni siku yangu, nifanyieni" anadai malipo ya kazi aliyofanyiwa. Anayekaa kimya hajadai chochote. Unaweza kumlaumu kwa mengine, lakini huwezi kusema amekula cha watu.

Ajabu ni kwamba kelele nyingi za siku za kuzaliwa hapa kwetu hazilipi deni hilo hata kidogo. Kuna ukumbi wa kukodi, keki, fulana zenye picha ya mhusika, na mchango ambao huwezi kukataa kwa sababu jina lako litasomwa kwenye kundi la WhatsApp. Wanafunzi tuna desturi nyingine iliyokuja na waliosoma Kampala na Nairobi, ya kummwagia maji mwenye siku yake. Mimi hucheka kama wengine. Hata hivyo, katika mji ambao mitaa mingi hununua maji kwa pipa kutoka kwa malori yanayoyavuta mtoni, ndoo tatu zilizomwagwa mchangani ni pesa, na mara nyingi ni pesa za mama mwenye pipa. Na bei za mjini tunazijua. Vyakula vingi hupanda kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, na barabara ikichafuka, soko la Konyo Konyo husikia siku hiyo hiyo. Tangu vita vilipoanza Khartoum Aprili 2023 na bomba la mafuta likaharibika mwaka uliofuata, mishahara ya serikali imekuwa ya kungojea miezi. Kumtaka mtoto wa mwalimu asiyelipwa afanye sherehe ili athibitishe kwamba anawapenda wenzake si utu. Ni kodi.

Sasa nirudi kwa yule mtu na rababa yake. Anayeshika methali ya mtu ni watu anaweza kupata msaada kwa mwanafalsafa Ifeanyi Menkiti wa Nigeria, aliyeandika mwaka 1984 kwamba utu hauji na kuzaliwa. Mtu hufanywa mtu na jamii, polepole, kadiri anavyotimiza wajibu wake ndani yake. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga: jamii ni ya lazima kwetu, lakini mtu huzaliwa tayari na uwezo wa kufikiri na kuchagua, na anaweza kusogea kando akaitazama jamii yake na kuipima. Mimi nasimama upande wa Gyekye. Sababu yangu siipati katika vitabu vyao, naipata katika mazoezi ya muziki.

Rababa ni ala ya nyuzi tano, ndugu ya krar ya Waethiopia na nyatiti ya Wajaluo. Hupigwa arusini, hupigwa kwenye kilio, hupigwa watu wakinywa. Ni ala ya watu. Lakini hakuna anayejifunza kuipiga mbele ya watu. Kujifunza ni kurudia sehemu ile ile inayokushinda mara ishirini, kukaza uzi uliolegea, kurudia tena. Hakuna mgeni anayestahimili hayo, na wala hapaswi. Furaha ya pamoja ya Jumamosi inatokana na upweke wa Jumatatu. Wimbo wetu wa taifa, tunaousimamia kwa heshima, ulitungwa muziki wake na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Juba kabla ya uhuru wa 2011. Nina hakika kila aliyeshiriki alikuwa na saa zake za kukaa peke yake akihangaika na sauti moja. Jamii isiyomruhusu mtu kufunga mlango itabaki na wapiga makofi tu.

Kupika ni kinyume chake. Mazoezi huyafanya peke yako kwa ajili ya wengine. Chakula chetu huwezi hata kukipika kwa ajili yako peke yako. Chukua kisra. Unga wa mtama unachanganywa na maji usiku na kuachwa uchachuke, maana yake siku yako imeanza jana. Asubuhi unawasha mkaa, unapasha bamba la chuma, unamwaga uji na kuutandaza upesi mpaka uwe mwembamba kama karatasi, unaubandua, unamwaga mwingine. Vipande viwili vya kwanza huharibika karibu kila mara, na hivyo ndivyo vinavyoliwa na mpishi. Ukishawasha moto kwa ajili ya kisra, huzimi baada ya vipande vitatu. Mkaa ni ghali mno. Kando unaweka sufuria ya kombo, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga zilizosagwa. Mwisho una rundo ambalo mtu mmoja hawezi kulimaliza, na kesho halitakuwa tamu. Basi sahani inafunikwa na mtoto anatumwa kwa jirani. Hakuna aliyealikwa, lakini mtaa umekula. Ukuta wa jirani ni mabati, kwa hiyo na muziki pia ameusikia, hata zile sehemu mbaya.

Pingamizi lenye nguvu bado sijaligusa. Linasema hivi: kimya si kitu cha kuchezea katika mji huu. Waliokuwa Juba Desemba 2013 na Julai 2016 wanajua kimya cha mtaa kilimaanisha nini. Nchi yenyewe iliwahi kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa kwa kimya. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba hakutakuwa na sherehe za uhuru kwa kukosa fedha. Kisha mapigano yakazuka, na Julai 9, nchi ilipotimiza miaka mitano, watu walikuwa wamelala chini ndani ya nyumba zao au wakikimbilia makanisani na kwenye kambi za Umoja wa Mataifa. Kwa watu waliopita hapo, mtu anayejifungia humtia jirani wasiwasi. Huenda anaomboleza. Huenda ana njaa na anaficha. Kubisha hodi ni namna ya kuhesabu waliobaki.

Naliheshimu pingamizi hili. Lakini nadhani linathibitisha pia jambo la pili. Katika kambi, mlipo watu kumi chini ya turubai moja, hakuna mtu awezaye kuwa peke yake. Na risasi zikilia, hakuna awezaye kuchagua kelele. Kimya cha hofu na kimya cha hiari vinafanana kwa anayepita barabarani tu. Tangu mkataba wa Septemba 2018 tumeambiwa amani imekuja, na kila mtu ana kipimo chake cha kuamini au kutoamini. Kipimo changu kimojawapo ni hiki: je, kijana anaweza kushinda ndani siku nzima akikaza nyuzi, bila mtu kudhani kuna maiti? Siku itakapowezekana hivyo katika kila mtaa, nitaamini.

Kwa hiyo mpaka ninaouchora haupiti kati ya kuwa na watu na kuwa peke yako. Unapita kati ya kutoalika na kufukuza. Kutoalika ni haki ya mtu, na zaidi siku ambayo hakuifanyia kazi. Kufukuza si haki yake. Anayebisha mlangoni wakati wa mazoezi anafunguliwa, rababa inaegemezwa ukutani, na maji yanaletwa kabla ya swali lolote. Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyewafundisha watu kuishi kando ya makelele ya mji, aliagiza katika wasia wake kwamba marafiki waendelee kukutana kuikumbuka siku yake ya kuzaliwa. Wengine huona hapo anajipinga. Mimi sioni. Bustani yake ilikuwa na ukuta, lakini ilikuwa na mlango pia.

Linabaki swali ambalo mpaka huu haulijibu vizuri. Vipi kuhusu anayeificha tarehe kabisa, ili hata anayetaka kubisha asijue? Rafiki mmoja darasani alinibana hapo, akasema kuficha siku ni kufukuza watu kabla hawajafika. Ana hoja, na kwa mtu mwenye tarehe yake halisi sina jibu kamili. Sisi wa Januari 1 hatuna shida hiyo. Siku hiyo watu wametoka makanisani alfajiri wakiwa wamevaa vizuri, hodi zinapigwa nyumba hadi nyumba, na anayepokewa kwa kisra na kombo hajui kama amekuja kuuona mwaka mpya au kumwona mtu.