Jino la Bibi Ni Mali ya Nani?

Kuna vitu vinavyoenea katika kiganja cha mkono. Tunasema zile sanamu ndogo za Baluba: kichwa cha mwanamke, mikono juu ya maziwa, mwili unaofuata mpindo wa jino. Zilichongwa katika pembe ya tembo, katika mfupa, ao katika jino la kiboko. Watu walizivaa mwilini, wakazipa jina la mzee aliyekufa, wakazipaka mafuta. Ile rangi ya asali ambayo wakusanyaji wa Ulaya wanaisifu sana haikutoka kwa fundi. Ni mafuta na jasho la bibi zetu, miaka na miaka.

Sasa, kama kitu kimepata uzuri wake kwa kuvaliwa, yule anayekifungia ndani ya kioo anakusanya nini?

Wengine hapa Kalemie watajibu mara moja: ni wezi! Wana sababu. Mwezi wa 12 mwaka 1884, watu wa Émile Storms, askari Mbelgiji aliyekaa Mpala, walimuua mfalme Lusinga. Kichwa chake kilipelekwa Ubelgiji, na sanamu yake ya mababu pia. Leo iko Tervuren. Hapo hakuna mabishano.

Lakini vingine tuliviuzisha sisi wenyewe, na hapo ndipo panauma. Tunajua familia moja: mtoto amefukuzwa shule juu ya minervali, mnunuzi akafika na dola. Mama akasema, "Ile jino itasomesha mutoto, bibi atafurahi." Mjomba akakataa: "Unauzisha jina ya bibi?" Tulikaa nao mpaka usiku. Kwetu sisi mama hakukosa. Jina lile lilikuwa la kulinda watoto, na mtoto alikuwa mbele yake analia. Tunamlaumu mnunuzi, si kwa kununua, bali kwa sababu hakuuliza jina hata kidogo. Huko wanaandika tu "Luba, karne ya 19", basi.

Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2022 imefungua njia ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni, lakini ni mambo ya serikali na serikali. Jino lililouzwa sebuleni halimo.

Mjomba bado anakumbuka jina. Tulimwomba aliandike katika daftari, akakataa: jina lile linaitwa mbele ya jino, si mbele ya karatasi. Tungali tunabishana naye.