Adhabu ya Mfungwa Huisha Lini?

Hakimu akimhukumu mtu miezi sita, hutaja miezi sita, wala haongezi siku. Lakini mlango wa jela ufunguliwapo huanza kifungo cha pili, ambacho hakimu wake ni jirani na muda wake haukuandikwa popote. Jela ya Mombasa ilipokuwa ndani ya Ngome, tangu 1895 hata 1958, aliyefunguliwa alijikuta Mji wa Kale kwa hatua chache, mbele ya macho ya waliomjua. Leo jela iko Shimo la Tewa, na macho ni yale yale. Mwenye chumba humwambia kimekwisha pangishwa. Tajiri hutaka cheti cha polisi cha tabia njema. Nduguze humwamkia njiani wala hawamkaribishi ndani. Akilala barazani kwa watu, husemwa kuwa hakuacha.

Yapasa kuuliza, adhabu hii ya pili yatoka wapi? Ikiwa hakimu alihukumu sawa, basi kinachozidi ni dhuluma, hata kikitendwa na watu wa safu ya kwanza msikitini.

Bukhari amepokea habari ya mlevi aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.), akapigwa. Alipokwenda zake, mmoja wa waliohudhuria akamwapiza Mungu amhizi. Mtume akawakataza wasimsaidie Shetani juu yake. Na utazamwe wakati wa katazo hili: dhambi haikuwa na shaka, na adhabu imekwisha. Kilichokatazwa ni ile nyongeza.

Wako wasemao kuwa hadhari ni wajibu. Naam, aliyeiba hapewi ufunguo wa kasha siku ya kwanza. Lakini hadhari ni ya kasha. Si ya mkeka wa kulalia, wala ya kazi ya kuchukua mizigo. Wengi wamelifanya neno hilo pazia la uvivu wao.

Wala senti za mlangoni siku ya Ijumaa hazitoshi. Abu Dawud amepokea habari ya Ansari aliyekuja kuomba: Mtume akaviuza vitu vyake viwili, nguo na bakuli, kwa dirhamu mbili, moja ikawa ya chakula na moja ya shoka. Akamtilia mpini kwa mkono wake, akamtuma kukata kuni, asionekane siku 15. Mtu yule akarudi na dirhamu 10.

Katika magereza ya Kenya wafungwa hufundishwa useremala na ushoni. Hutoka na ujuzi, bila randa wala cherehani. Mwenye karakana aweza kumpa mmoja wao pembe na vyombo kwa siku 15, kisha wakahesabiana.