Hesabu ya Ghala ni Deni la Haki

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 16, twasoma habari za tajiri aliyemwita wakili wake na kumdai hesabu ya mali aliyomkabidhi. Tumezoea kuyasikia maneno hayo tukiifikiria saa ya kufa. Leo twataka tuyatafakari tukiwa tumesimama mlangoni pa ghala la chama cha ushirika, huko Ushirombo na po pote wakulima wanapongojea mbegu, mbolea na dawa za mimea.

Wazee wa Kanda ya Ziwa wanakijua chanzo cha ushirika wetu. Wakulima wa pamba walipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiongozwa na Paul Bomani, walijiunga katika vyama vyao wenyewe, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation. Basi, ushirika ule ulizaliwa kwa kiu ya mizani ya haki. Lakini mwaka 1966 tume ya Rais ilipovichunguza vyama, ilikuta udanganyifu, uhaba wa watu wenye ujuzi, na wanachama wasiojua mambo ya chama chao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, hata sheria ya 1982 ilipovirudisha. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Mfuko mmoja wa mbolea ukitoka ghalani bila kuandikwa, wengine husema, “Ni mali ya chama tu.” La, sivyo! Mfuko ule ni wa mjane fulani, aliyekwisha lipa, naye atakuja mvua imenyesha, aambiwe kwamba mbolea imekwisha. Tena tangu msimu wa 2022/2023 Serikali hutoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima walioandikishwa; basi aibaye mfuko huo huwaibia wananchi wote. Amri ya Saba haina mlango wa nyuma.

Wala si wizi peke yake. Uzembe nao ni dhambi. Urea ikilazwa sakafuni pasipo chaga hunywa unyevu na kugandamana kama jiwe. Mbegu ya zamani ikifichwa nyuma ya mpya, huzeeka na kukataa kuota. Dawa hupitwa na tarehe yake ilhali wadudu wanamaliza pamba shambani.

Yatupasa kufanya nini? Kila kitu kiandikwe siku ile ile kiingiapo na kitokapo, na mpokeaji atie sahihi. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Dawa zitengwe mbali na mbegu. Kila mwisho wa mwezi watu wawili, wala si mtunza ghala peke yake, waihesabu mali na kuilinganisha na daftari; na kabla ya kuagiza mali mpya, kwanza ijulikane iliyobaki. Hesabu hiyo isomwe mbele ya mkutano wa wanachama.

Labda mtu atasema kwamba kuhesabu ni kumshuku ndugu. Sisi twasema, hesabu ni ngao yake. Mtunza ghala mwaminifu asiye na daftari atajiteteaje siku atakaposingiziwa? Nanyi wanachama, msiohudhuria mikutano kisha mkanung’unika kilabuni, ninyi pia mna sehemu yenu katika hasara.

Mwaka 1891 wamisionari walifika Ushirombo. Mwaka huo huo Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alitetea haki ya wafanya kazi kujiunga katika vyama. Tuitunze haki hiyo kwa uaminifu wetu. Bwana alitufundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia. Basi mwezi huu, kabla ya kuanza kupanda, lifungueni ghala, mhesabu, mkaandike kweli.