Chozi na Nondo

Wapenzi wakatekumeni,

Asubuhi jua linapochomoza, mmemwona chozi kwenye ua la mgomba. Ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopindika, naye hunyonya maji matamu ya ua. Jioni giza linapoingia, huja mwingine kwenye maua ya mpapai, ndiye nondo mkubwa. Yeye haketi. Husimama hewani akipigapiga mabawa, akaukunjua mrija wake ulio mrefu kuliko mwili wake, akanywa.

Chakula chao ni kimoja, lakini kuzaliwa kwao si kumoja. Chozi alitoka yaini akiwa ndege. Mama yake akamlisha katika kiota chenye kuning'inia, hata akaota manyoya, akaruka. Nondo alikuwa kiwavi mnene mwenye pembe mkiani, yule yule anayekula majani ya viazi vitamu mashambani mwetu. Kisha akaingia udongoni kama maiti kaburini, akakaa humo siku nyingi, akatoka mwenye mabawa.

Baadhi yenu husema kwa huzuni: «Watoto wa Wakristu walibatizwa wangali wachanga. Sisi tulipoteza miaka katika ulevi na ugomvi. Tutaketije pamoja nao mezani pa Bwana?» Tena wako majirani wanaocheka: «Jana aliiba mbuzi, leo anashika katekisimu!»

Mtazameni nondo. Ua halimnyimi kinywaji kwa sababu ya majani aliyoyala zamani. Tena yeye huchukua unga wa mpapai dume, akaupeleka kwa mpapai jike, nao ukazaa. Aliyeharibu shamba, sasa analisaidia. Ndivyo alivyokuwa Mtakatifu Paulo: alilitesa Kanisa, kisha akawa mtume wake. Katika Ubatizo mtu wa kale huzikwa pamoja na Yezu Kristu, mtu mpya akafufuka. Basi msione haya.

Lakini jihadharini. Nondo hawezi tena kurudia majani, kwa kuwa hana meno ya kuyatafuna. Ninyi Mungu amewaachia hiari, mwaweza kurudi. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kulala, mtu ajiulize: Jani gani ningali nalitafuna? Aliyeiba mbuzi amrudishie mwenyewe. Aliyegombana na ndugu yake aende kupatana naye, asingoje siku ya Ubatizo.

Naye Bwana wetu aliyetoka kaburini awape nguvu. Amina.