Adui Alitambua Kwanza

Mtu hatambui kitu kisichokuwepo. Unamtambua mgeni kwa sauti kwa sababu uliwahi kuisikia; unatambua kosa kwa sababu limeshatendeka. Kwa hiyo nchi inapotangaza kwamba imemtambua mwanamke aliyepigana, haimpi kitu kipya. Inakiri kwamba alikuwa askari tangu siku zile, na kwamba iliyochelewa ni yenyewe.

Muthoni wa Kirima wa Nyeri alianza kwa kuwapelekea chakula na habari wapiganaji wa Mau Mau, waliopigania uhuru wa Kenya dhidi ya ukoloni wa Waingereza. Baadaye aliingia msituni mwenyewe, akapanda vyeo hadi akawa mwanamke pekee mwenye cheo cha jemadari mkuu, na hakutoka hadi uhuru ulipopatikana Desemba 1963. Hata hivyo marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikufutwa hadi mwaka 2003. Kwa karibu miaka 40 aliishi chini ya bendera aliyoipigania, huku kundi lake likihesabiwa kuwa haramu.  Alifariki mwaka 2023.

Wako watakaosema kizuri chajiuza: tendo la kishujaa halingoji cheti. Ni kweli, tendo halipungui likinyamaziwa. Tunaopungua ni sisi. Mtoto anayefundishwa vita bila wanawake hukua akidhani kwamba msichana anayejiunga na jeshi leo ni mgeni anayebisha hodi, kumbe amerudi kwao.

Lakini tukimtambua Muthoni kwa cheo chake tu, je, tumewatambua wanawake? Wengi hawakushika bunduki. Walibeba viazi ndani ya kiondo, wakaficha risasi, wakavuka usiku kuelekea msituni. Tumezoea kuwaita wasaidizi. Adui hakuwaita hivyo. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ilihamisha watu zaidi ya milioni moja kwa nguvu, ikawaweka katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na miti iliyochongwa, ili chakula kisifike kwa wapiganaji. Maelfu ya wanawake walifungiwa katika gereza la Kamiti. Hakuna anayechimba handaki kuzunguka kijiji kizima kwa ajili ya kiondo cha viazi, ila awe ameelewa kwamba kiondo hicho ni silaha.

Naamini hapo ndipo kipimo cha askari kilipo: ni yule ambaye bila yeye vita visingeweza kuendelea hadi kesho yake, naye akajua hivyo, akakubali hatari yake. Kwa kipimo hicho Muthoni hakuanza kuwa askari siku alipopewa cheo. Alikuwa askari tangu safari yake ya kwanza na chakula, na wenzake waliobaki vijijini walikuwa askari pamoja naye. Aliyewaadhibu aliliona hilo mapema. Inatuuma, na inapaswa kutuuma, kwamba waliopiganiwa ndio waliokuwa wa mwisho kuliona.