Nani Mwenye Mti Usiopandwa?

Aendaye Butiama akitokea Musoma huona mawe makubwa ya matale yaliyobebana, na juu yake mikuyu iliyopenyeza mizizi nyufani. Hakuna mtu aliyeipanda. Mbegu ya mkuyu ni ndogo mno. Hondohondo huimeza pamoja na tunda, tumbo lake haliwezi kuiyeyusha, naye huiangusha pamoja na kinyesi penye ufa. Popo hufanya kazi hiyo hiyo usiku. Ninga, mlafi wa tini, asipewe sifa asizostahili, maana firigisi yake huzisaga nyingi. Mlama, kwa upande wake, hutegemea upepo, na tunda lake lina mabawa manne makavu. Lakini upepo hauna shabaha: mchana hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku hugeuka ukayapeleka mengine majini.

Hapo ndipo lizukapo swali la haki. Mwaka 1958 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliandika katika "Mali ya Taifa" kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake, na kwamba mtu aweza kudai kile tu alichokiongeza kwa kazi yake. Fikira hiyo naikubali. Lakini mkuyu haukumwagiwa jasho la mtu. Je, ni wa yeyote mwenye shoka?

Wako wasemao kwamba kisicho na mpanzi hakina mwenyewe. Naona wamekosea katika kuhesabu kazi. Mkulima wa Bunda alimapo shamba la pamba, akauzunguka mche wa mkuyu asiukate, amefanya kazi, ingawa mkono wake haukuongeza kitu. Amepoteza sehemu ya mstari wake, na mwaka ujao ataipoteza tena. Huenda baba yake naye alifanya vivyo hivyo.

Basi mti ni wake? Kivuli chake aweza kukidai kuliko mpita njia. Kuukata ni jambo jingine. Alichouongezea mti ni kule kuuacha tu, na siku aukatapo huiondoa kazi ile ile aliyoijengea dai lake. Na sehemu ya hondohondo hakuwa nayo tangu mwanzo.

Hoja hii naiamini nikiwa nimeketi kivulini. Huniwia nzito nikutanapo na mjane arudiye kutoka vilimani jioni, kichwani ana mzigo wa kuni mbichi. Naye anao watoto wanaongoja chakula, na miti mikavu ya karibu ilikwisha kitambo.