Aliyeketi Kando Yetu

Somo: Matendo ya Mitume 8:26-40



Mwezi wa Septemba 2023 tulikuwa njiani kurudi nyumbani kutoka London, tulikokwenda kumwona mwanetu na wajukuu. Safari ilikuwa ya ndege mbili: ya kwanza saa saba hivi mpaka Dubai, na ya pili karibu saa sita mpaka Dar es Salaam. Katika kila ndege tuliketi kando ya mtu tusiyemjua, na kila mmoja alitufunulia moyo wake. Wa kwanza tulimsikiliza. Wa pili ndiye anayetufanya tuandike haya, na kama tungekuwa na sifa ya kujipa juu yake tungeandika mapema zaidi.

Yule wa kwanza alikuwa mzee wa Kiingereza, mstaafu wa reli, aliyefiwa na mkewe. Alitueleza kwamba jioni ya mwisho waliyokuwa pamoja hawakusemezana, kwa sababu ya jambo dogo tu la nyumbani, na kwamba habari hiyo hajapata kuwaambia hata watoto wake. Alilia kidogo. Tulimpa kitambaa, tukamwuliza habari za mkewe, naye akasimulia mpaka chakula kikapoa. Tuliagana kama ndugu, na majina ya wajukuu wake wanne tunayakumbuka hata leo.

Jambo hili si la ajabu. Mwanazuoni wa Kijerumani, Georg Simmel, aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni huambiwa mambo ambayo watu wa karibu hufichwa. Sababu yake twaifahamu bila kwenda chuo: mgeni hatatukuta kisimani kesho.

Katika ndege ya pili, kiti cha dirishani alikaa binti wa miaka ishirini na kitu. Alituamkia, "Shikamoo mama," akapakata blanketi nene lililokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wengi waliokuwa mle ndani walikuwa wasichana kama yeye, waliokuwa wakirudi kutoka kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Kwenye kioo kilicho mbele ya kiti palikuwa na ramani, na kijindege kikienda polepole juu ya bahari, naye kila mara akauliza kama tumekaribia. Tulidhani ana hamu ya kufika. Kumbe alikuwa akiogopa kufika.

Alianza kusimulia taa zilipozimwa. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika nyumba moja. Pasi yake ya kusafiria ilikaa kabatini kwa mwajiri. Mishahara ya miezi saba ya mwisho hakulipwa, na alipoidai alikatiwa tiketi akapelekwa kiwanja cha ndege. Huku nyumbani mama yake alikuwa ameweka shamba rehani ili binti apate kusafiri, tena amekwisha kuwaambia majirani kwamba atakuja na fedha za mabati.

"Jumapili watu wa jumuiya watakuja kunipokea," alisema. "Mama, nitawaambia nini? Mabati sina. Nina blanketi hili."

Tukamjibu, "Usijali mwanangu, Mungu ana makusudi yake. Tutakuombea." Kisha tukavuta kitambaa cha macho, tukajifanya tumelala.

Maneno yale si ya uongo, ndugu. Lakini tuliyasema kama mtu afungaye dirisha upepo unapoingia. Baada ya kitambo tulisikia analia, naye akiuma ule mfuko wa plastiki asisikike. Hatukufunua macho. Wala hatukuomba.

Asubuhi, pale mizigo inapotolewa, alitushushia mfuko wetu mzito, akasema, "Asante mama kwa maombi." Akaenda zake na blanketi lake. Hapo tulitambua kwamba hata jina lake hatukumwuliza.

Tulijiambia kwamba tulikuwa tumechoka. Mbona mzee tulimsikiliza njia nzima? Tumeyatafakari haya kwa muda mrefu, na jibu letu halitupendezi. Huzuni ya mzee haikutudai kitu. Ilikuwa huzuni ya mbali, nayo ilishuka Dubai pamoja naye. Huzuni ya binti ilikuwa ya kwetu. Bei ya mabati tunaijua. Shamba la rehani tunalijua. Na wale watu wa Jumapili tunawajua zaidi, kwa kuwa sisi ni mmoja wao. Sisi wenyewe tumepata kusimama nje ya kanisa baada ya ibada na kusema kwamba wasichana hao hupelekwa Arabuni na tamaa. Tungemsikiliza mpaka mwisho, ingetupasa kuyarudisha maneno hayo.

Sasa tumtazame Filipo. Mtu wa Kushi naye alikuwa safarini kurudi kwao. Kushi hiyo si nchi iitwayo Ethiopia leo, bali ufalme wa Meroe, kwenye mto Naili, katika nchi ya Sudan ya sasa. Na Kandake kilikuwa cheo cha kifalme cha huko, si jina la mtu. Njia aliyopita ni ya Gaza, hiyo hiyo tuisikiayo redioni. Alikuwa mkubwa, mwenye gari na funguo za hazina. Lakini alikuwa towashi, na Kumbukumbu la Torati sura ya 23 huwazuia watu wa namna hiyo wasiingie katika mkutano wa Bwana. Basi alitoka mbali hivyo kwenda Yerusalemu kuabudu, na twaweza kukisia walimsimamisha wapi. Huenda yeye naye alikuwa akirudi mikono mitupu.

Filipo alikimbia mpaka karibu na gari, akasikia, maana watu wa kale walisoma kwa sauti. Akauliza swali moja tu, kama mtu yule anayaelewa anayosoma. Kisha akangoja. Hakupanda mpaka alipoombwa, na alipopanda aliketi pamoja naye. Akaanza na andiko lile lile lililokuwa mkononi mwa mtu, ambamo Isaya anamtaja mmoja aliyeonewa akanyamaza. Hotuba aliyowahubiri Wasamaria hakuja nayo.

Katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia vijana waanze na kile ambacho mwanafunzi anacho tayari, na wakati wa mazoezi ya kufundisha tulimpunguzia alama aliyesahau. Ndani ya ndege ile hatukustahili hata alama tano. Binti alikuja na swali lake mkononi: nitawaambia nini? Tungeweza kumwuliza, "Mama yako ni mtu wa namna gani?" Tungeweza kumwuliza kama yupo shangazi au mchungaji wa kumtangulia nyumbani kabla ya Jumapili. Mabati tusingempa; hayo hakutuomba.

Wala Filipo hakumtatulia yule mtu mambo yake yote. Alibatizwa, akaendelea na safari akifurahi, towashi vile vile, na hawakuonana tena. Muda wote waliokuwa pamoja ni ule wa gari kwenda barabarani, na ulitosha kwa kazi aliyotumwa.

Wanaoijua Litania ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 watakumbuka kwamba huombea wasafiri wa nchi kavu na wa majini. (Wa angani hawakujulikana bado.) Lakini angalieni wametiwa pamoja na nani katika ombi lile: wanawake wenye utungu wa kuzaa, wagonjwa, watoto wachanga, wafungwa na mateka. Miaka mingi tuliliitikia ombi hilo tukidhani ni mchanganyiko tu wa watu wenye shida mbalimbali. Siku hizi tukifika hapo tunamwona mtu mmoja, ameketi dirishani, na karibu yote yale ni yake. Tunamwombea sasa, kwa kuchelewa, bila jina. Hatujui ile Jumapili ilikwendaje. Katika maungamo yetu hutajwa pia yale tuliyoyaacha bila kuyatenda, na hapo napo tunamweka.

Katika mtaa wetu wako mabinti waliorudi kutoka huko. Mmoja amekuwa akija kanisani tangu Kwaresima, huketi benchi la nyuma karibu na mlango na kuondoka kabla ya matangazo. Jumapili iliyopita tuliacha kiti chetu cha mbele, tukaenda kuketi kando yake, tukamwuliza jina. Alitutajia. Mpaka tunapoandika haya hajasema zaidi, nasi hatujamhimiza. Jumapili ijayo tutaketi pale pale.